Shanga Nyeupe za Yubile

Mukasine Céline hakufundishwa na mtu kuyeyusha chupa. Hilo nalisema kwanza, maana ugomvi wote ulitoka hapo.

Mwaka ule moto ulipokula maduka ya katikati ya Kitshanga, mtoto wake wa kwanza, Gisubizo, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Watu walirudi kuokota mabati na misumari. Céline alikwenda kuangalia kilichobaki cha duka la shemeji yake, na pale zilipokuwa kreti za bia akakuta donge la kijani, kubwa kama kichwa cha mbuzi, laini, linang'aa kama limepakwa mafuta. Chupa zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja. Wengine walipita hapo wakaona hasara. Yeye alilifunga kwenye kitenge, akalibeba hadi nyumbani, akamwambia mume wake, Élie:

"Kama moto ya duka iliweza, na yangu itaweza."

Haikuweza. Makala ya mbabula, mkaa wa jiko letu la bati, yaliifanya chupa iwe nyekundu tu, kisha ikapasuka. Akachimba udongo wa kichuguu, akajenga tanuru fupi nyuma ya jiko, akaomba viriba vya kupulizia moto kwa mhunzi mmoja wa njia ya Kashuga. Mimi ninaitwa Niyigena. Shamba letu la maharagwe linapakana na kiwanja chao, na niliiona ile tanuru ikijengwa na kubomoka mara nne. Alihangaika miaka saba. Tulikuwa tunamcheka, mimi nikiwemo.

Mwishowe alipata. Chupa aliiosha, akaitwanga kwenye kinu cha chuma hadi ikawa unga, akauchekecha kwa kitambaa mara mbili. Vikalibu vyake vya udongo vilikuwa na vishimo vidogo, akivipaka ndani ule udongo mweupe tunaouita ingwa, ili kioo kisigande. Katikati ya kila kishimo alisimamisha kipande cha kikonyo cha jani la muhogo, akajaza unga kandokando. Kikonyo kinaungua ndani ya moto na kuacha tundu la kupitisha uzi. Baadaye alizifunika shanga kwa majivu ya moto, akaziacha zipoe polepole mpaka kesho yake.

Rangi ndizo zilizomchukua akili. Kijani ilitoka kwenye chupa za bia, kahawia kwenye chupa za dawa ya kikohozi. Alipozichanganya alipata tope. Élie alipokwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya Walikale alirudi na mawe mawili ya kasiteriti, madini ya bati, mfukoni. Céline aliyasaga, akatia kidogo kwenye unga wa kioo cha dirisha, akapata kijivu cha jiwe lililonyeshewa. Alichoma nyaya za shaba, akakwangua magamba meusi yanayobanduka juu yake, na yale magamba meusi yalipoingia kwenye kioo kisicho na rangi yakageuka rangi ya ziwa la Kivu saa nne za asubuhi. Siku hiyo aliniita nije nione.

Hakuwa mtu wa kuchagua rangi juu ya meza. Alikushika mkono, akaweka ushanga kwenye ngozi yako, akatazama na kitenge ulichovaa, akauondoa, akaweka mwingine. "Hii inakula uso yako," alikuwa anasema. "Tuiache." Na kwenye shanga za kijani alipenda kutia matone matatu meupe, mazito kama maziwa. Ile nyeupe hakuna aliyejua ilitoka wapi.

Rafiki yake alikuwa Muhawenimana Astrid, kiongozi wa kundi la wamama kanisani kwetu, mwenye sauti ambayo watu wa makanisa mengine walikuja kuisikiliza. Miaka miwili Astrid alikaa naye kwenye kinu akitwanga. Alikuwa na mikono yenye nguvu na kicheko kikubwa. Kioo kikimkata alinyonya kidole, akaendelea. Céline alimwonyesha karibu kila kitu, na alichomwonyesha alikiandika kwenye kaye, daftari la shule la Gisubizo: kioo gani, magamba ya shaba kiasi gani, makala kiasi gani. Nyeupe tu hakuiandika.

Kisha vita vikarudi Kitshanga, kila mtu akakimbia na njia yake. Céline na Élie walishuka na watoto kuelekea Sake, wakafika Kirotshe. Vikalibu vya udongo havibebeki ukiwa na watoto watatu na godoro. Alivifunga kwenye gunia pamoja na kaye, akampa Astrid, ambaye alikuwa anakwenda karibu tu, Kashuga.

"Nitunzie," alimwambia. "Ukiona njia iko mbaya, fukia ku shamba ya muntu."

Simu yake ilipotea Sake. Miaka miwili Céline alilima mashamba ya wengine kando ya ziwa na kufua mashuka ya wagonjwa. Sisi tuliorudi Kitshanga mapema tuliambiwa gari walilopanda lilishambuliwa, hakupona mtu. Tuliwalilia, tukawaombea, tukanyamaza.

Walirudi mwaka jana, msimu wa kupanda maharagwe. Siku ya tatu Céline alikwenda sokoni kununua chumvi. Akaona meza imetandikwa kitambaa cheusi, na juu yake shanga za kijani zenye matone matatu. Matone yalikuwepo, lakini yalikuwa na rangi ya meno ya mzee.

"Hii shanga iko ya nani?" aliuliza.

"Ya Mama Astrid," binti aliyekuwa anauza akajibu. "Anatengeneza yeye mwenyewe. Mungu njo alimuonyesha mu ndoto."

"Alimuonyesha nini?"

"Vile ya kuyeyusha chupa. Wakati ya vita, kule Kashuga. Alitoa ushuhuda ku kanisa, hata wazee walilia."

Ni kweli, nilikuwepo. Astrid alisimama mbele yetu akasema malaika alimpeleka mahali penye moto usiounguza, akamwonyesha kioo kikitiririka kama asali. Sisi tuliokuwa tumevuta moshi wa tanuru ya Céline miaka yote ile tulitazamana. Lakini tulidhani Céline amekufa, na kumbishia aliye hai kwa ajili ya mfu si kazi nyepesi, hasa aliye hai akiwa kiongozi wa wamama. Tukasema amina.

Céline hakununua chumvi. Alikwenda moja kwa moja kwa Astrid, jua likiwa utosini. Astrid alipomwona aliangusha sufuria, akamkumbatia, akalia machozi ya kweli. Akamkalisha, akamwekea chai ya maziwa.

"Dada, tulikulilia. Walisema mulikufa wote njiani."

"Niko muzima. Natoka ku soko."

Astrid akaingia ndani, akatoka na gunia. Vikalibu vilikuwemo, na kaye.

"Chukua. Ni vyako, sikatai."

"Sikuje juu ya vikalibu. Nataka useme mbele ya watu kama ni mimi nilikufundisha."

"Hiyo ni neno ingine."

"Ni hiyo tu."

"Mama Gisubizo, nilisema mbele ya Mungu kama niliota. Nitarudia kusema nini? Kama nilidanganya Mungu? Watanitosha ku kundi, watanifukuza ku korali. Chukua kila kitu. Meza ya soko, nakuachia. Lakini ile ndoto siwezi kuirudisha."

Céline alibeba gunia lake, akaiacha chai pale ilipo. Baadaye aliniambia kwamba njiani hakuwaza wizi. Mwizi unamkamata, unachukua chako, mnamalizana. Aliwaza ile miaka saba, kovu la kuungua kwenye mkono wake wa kushoto, majirani wakicheka juu ya ua. Yote alikuwa amepewa Mungu, na Mungu hutamshitaki kwa chefu wa kijiji.

Akajenga tena tanuru. Astrid naye hakuiacha kazi kama alivyoahidi. Alikuwa amekwisha kufinyanga vikalibu vyake, na watu walizoea meza yake. Wanunuzi walipofika kwa Céline walimwuliza, "Na wewe, Mama Astrid njo alikufundisha?"

"Bado najifunza," alikuwa anajibu.

Alikuwa anajua jambo moja ambalo kaye haikulijua. Zamani, wakati wa majaribio, aliwahi kuchukua vichupa vya dawa ya sindano, vile vya kioo kigumu, akaviyeyusha pamoja na chupa ya kawaida. Shanga zilitoka nzuri kuliko zote alizokuwa ametengeneza, zikapasuka zenyewe mezani baada ya siku chache, hakuna aliyezigusa. Ilimchukua muda kuelewa. Vioo vile viwili vinashikana motoni, lakini havipoi mwendo mmoja. Kimoja kinajikunja sana, kingine kidogo, vinavutana ndani kwa ndani mpaka ushanga unakatika. Hakuliandika hilo, maana nani anaandika pale aliposhindwa.

Sasa alirudia kwa makusudi. Aliomba vichupa vitupu kwa muuza dawa mmoja, akavichemsha, akatengeneza shanga saba, akazipanga kwenye dirisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alizitazama. Ya kwanza ilipasuka siku ya tatu. Siku ya nne zikapasuka mbili, siku ya tano tatu. Ya mwisho ilivumilia hadi siku ya tisa.

"Hizi umeziharibu," Élie alimwambia.

"Bado," alijibu.

Hakuwa na haraka. Alipalilia maharagwe, akavuna, akaanika. Akikutana na Astrid njiani walisalimiana kama dada. Nilidhani amesamehe, nikamsifu kwa wengine.

Mwezi wa tisa, Mchungaji Marcellin alitangaza yubile: miaka hamsini ya kanisa letu, wageni kutoka Mweso, nyama ya ng'ombe, korali yetu ya wamama thelathini na wawili. Astrid akasimama palepale, akaahidi kwamba korali yote itavaa shanga nyeupe zilizotoka mikononi mwake. Alikuwa na mwezi mzima. Alijaribu ingwa ndani ya kioo, akajaribu chokaa, akajaribu hata unga wa maziwa. Zote zilitoka na rangi ya majivu. Zilipobaki wiki mbili alikuja kwa Céline, ameshika kuku mweupe kwapani.

"Naomba nyeupe yako, dada. Si juu yangu. Ni juu ya yubile."

"Mungu hakukuonyesha nyeupe?"

Astrid akainamisha kichwa. "Usinitese."

Céline aliniapia kwamba kama Astrid angesema wakati ule, pale jikoni, wakiwa wawili tu, "Ndiyo, nilidanganya," angempa ile ya kweli. Ya kweli ilikuwa chini ya kitanda chake, kikapu kizima: vikopo vya zamani vya pomade ya kujipaka, vile vizito vya kioo cheupe kama yai, alivyokuwa akiviokota nyumba kwa nyumba tangu Gisubizo akiwa mdogo. Alisubiri kidogo. Astrid alifuta pua kwa kitenge, akamsogezea kuku. Basi Céline akamwelekeza.

"Tafuta vichupa vya sindano. Osha, chemsha, twanga, lakini isifike unga. Iwe kama chumvi ya mawe. Jaza nusu ya kishimo na unga ya chupa ya soda, halafu vichupa juu yake. Moto uongeze. Zikitoka, funga mu kitambaa pamoja na majivu, usizifungue mpaka siku ya Mungu asubuhi. Zinapenda kupumzika."

"Nichome lini?"

"Jumanne na Jumatano ya juma ya yubile. Usitangulize."

Astrid alimshika mikono yote miwili, akamshukuru. Kuku alibaki. Céline alimchinja siku hiyohiyo, akanitumia paja lake na mchuzi. Nilikula, nikashukuru.

Asubuhi ya yubile Astrid alifungua kitambaa mlangoni pa kanisa. Shanga mbili tatu zilikuwa zimekatika. Alizisukuma kando kwa mguu, akatunga zilizobaki kwenye nyuzi, akatufunga shingoni mmojammoja. Sijawahi kuvaa kitu kizuri namna ile. Nyeupe yake haikuwa ya maziwa. Ilikuwa na mwanga ndani, kama tone la maji juu ya jani la magimbi. Tulijipanga mbele, vitenge vyetu vya bluu, na watu wa Mweso wakaguna kwa kupendezwa. Céline alikaa benchi la nne karibu na dirisha, mikono mapajani.

Katika wimbo wa pili nilisikia mlio mdogo kifuani pangu, kama kucha inayokatwa. Nikadhani ni uzi. Mwenzangu wa kulia akajigusa shingo. Tukaendelea kuimba.

Tulipokaa kusikiliza mahubiri, nilimchukua mtoto wangu Cyusa, wa miezi minane, nikamnyonyesha. Alizoea kushika chochote kinachoning'inia. Jua lilikuwa limepanda juu ya mabati, kanisa limejaa, joto limezidi, na ile milio sasa ilitoka kila upande. Wamama walikuwa wanapangusa vifua. Cyusa akaachia titi, akalia kilio cha ghafla. Maziwa yaliyokuwa mdomoni mwake yalikuwa na damu. Nilitia kidole, nikatoa kipande cha kioo kidogo kama punje ya mtama. Mdomo wa chini ulikuwa umechanika. Nilitoka nje naye, nikamsafisha kwa maji, nikamkagua ulimi na koo mpaka akatulia. Niliporudi hakukuwa na uzi hata mmoja uliokuwa mzima. Vipande vilikuwa vinalia chini ya viatu kwenye simenti, na kanisa zima lilikuwa linamtazama Astrid.

Nilimtazama Céline. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyekaa na njaa siku nyingi na sasa amewekewa sahani.

Astrid alisimama. Uso wake ulikuwa umekauka. Alitazama vipande sakafuni, akatembea hadi mbele ya madhabahu, akapiga magoti juu ya vile vipande.

"Mungu amenisemesha hapa hapa," alisema. "Alinipa hii kazi, na leo ameipasua na mukono wake. Tulikuja kumutukuza Yeye, tukajipamba sisi. Ndugu zangu, ametukataza."

Mama mmoja akaanza kulia. Akafuata mwingine. Wageni wa Mweso wakapiga magoti. Beseni likaletwa, na wamama wakatupa humo nyuzi zao, na baada ya nyeupe wakaanza kutupa zile za kijani, za kahawia, za rangi ya ziwa, zote, hata zile ambazo Céline mwenyewe alitengeneza kabla ya vita. Mchungaji Marcellin alitangaza papo hapo kwamba tangu siku ile shanga za kioo hazitavaliwa na muumini wa kanisa lile. Watu walimwinua Astrid, wakamkumbatia. Tabasamu la Céline lilikuwa bado mdomoni, kama lililosahauliwa.

Siku ya soko hakuna aliyesogea kwenye meza ya Céline. Jirani mmoja alikuja na mkufu aliomtengenezea kwa arusi yake, akautupa juu ya ua. Élie alimwambia afukie tanuru, walime tu kama watu wengine. Céline alikuwa amemtupia Astrid jiwe, na Astrid alikuwa ameliokota akajengea nyumba.

Jumapili mbili alikaa bila kusema. Ya tatu, Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Céline alinyanyuka na kikapu. Alikwenda mbele, akatoa vitu vyake na kuvipanga juu ya meza ya sadaka: chupa ya soda, kichupa cha sindano, kikopo cha pomade, zile shanga saba zilizopasuka dirishani, na kaye.

"Si Mungu alipasua shanga zenu," alisema. "Ni mimi."

Sauti yake haikupanda. Alieleza kila kitu. Alionyesha kichupa, akaonyesha chupa, akaeleza jinsi vinavyovutana vikipoa. Alisema alizihesabu siku, na kwa nini alisema Jumanne na Jumatano. Alifungua kaye, akasoma tarehe za miaka ya kabla ya vita, akawataja kwa majina watu waliokuwa wakimcheka, na sisi tukaangalia chini. Kisha akamgeukia Astrid, aliyekuwa amekaa benchi la mbele la wamama.

"Kama ni Mungu alikufundisha hii kazi, mbona hakukuambia kama hivi vioo viwili havikai pamoja? Mimi nilijua. Yeye hakujua?"

Astrid alifungua mdomo, akaufunga. Niliiona shingo yake, jinsi mishipa ilivyosimama, mtu mwenye sauti ile, na haikutoka. Céline alimsubiri. Alimsubiri muda mrefu kuliko ulivyohitajika, na niliona wazi kwamba ni hapo alipokuwa akipatazamia tangu siku ya chumvi.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama na Cyusa mkononi.

"Na mutoto wangu?" niliuliza.

Céline akageuka. "Mutoto gani?"

"Kioo chako kilimuingia mu kinywa. Nilikitosha na kidole. Angemeza."

Hakuwa anajua. Nilikuwa nimetoka nje, na yeye siku ile alikuwa na macho kwa mtu mmoja tu. Alitazama mdomo wa Cyusa, lile kovu jipya.

"Sikujua kama unanyonyesha pale," alisema.

"Ulijua tunavaa ku shingo. Wote thelathini na wawili. Ulijua."

Akaanza kukusanya vitu vyake kutoka mezani, kimoja kimoja. Kichupa cha sindano kilimponyoka, kikabiringika hadi miguuni pa Mchungaji, hakuna aliyekiokota.

Wazee walikaa juma lote. Astrid walimwondoa kwenye uongozi wa wamama na kwenye korali, kwa kumsingizia Mungu. Céline walimtenga na meza ya Bwana miezi sita, kwa kukusudia mabaya. Katazo la shanga lilikufa lenyewe. Astrid hakuweza kuvumilia macho ya sokoni. Alihamia Kashuga kwa kaka yake, huko anauza mihogo, na nasikia hata nyimbo za kubembeleza wajukuu haimbi.

Kwa Céline watu walirudi. Walirudi polepole, kwa aibu, wakiuliza kwanza ni kioo gani, na yeye aliwaonyesha. Aliandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa banda lake: MUKASINE CÉLINE, MWANZISHAJI. Élie alisema ni majivuno. Maandishi hayakufutwa.

Alikuja kwangu mwezi mmoja baada ya ile Jumapili. Hakuleta zawadi. Alikaa kwenye kigoda, akaomba kumshika Cyusa, nikakataa. Akasema, "Juu ya mutoto, ninaomba musamaha. Nalia juu yake." Nikamwuliza, na juu ya Astrid? Akasema, "Juu ya Astrid, hapana. Kama ni kesho, nitarudilia. Ila nitamuambia avae peke yake."

Siku hizi ninakwenda kumtwangia mara mbili kwa juma, kwa sababu kazi ni nzuri na mume wangu hana shamba la kutosha. Cyusa namwacha kwa mama yangu. Céline hajaniuliza kwa nini.

Miezi sita ilipokwisha, Mchungaji Marcellin alifika bandani, nikiwa kwenye kinu. Alisema meza ya Bwana iko wazi, sharti moja tu: apeane mkono na Astrid mbele ya kanisa. Astrid amekubali. Yuko tayari kuomba msamaha kwa vikalibu, kwa kaye, kwa kutosema alifundishwa na nani. Lakini anashikilia kwamba aliota. Anasema hata wamtenge mpaka kufa, aliota.

Mimi naamini aliota kweli. Miaka miwili ya kutwanga kioo mchana kutwa, halafu kulala na njaa chini ya turubai huko Kashuga, nani asingeota moto na kioo. Nilimwambia Céline hivyo, mbele ya Mchungaji.

Alikuwa anajaza vishimo kwa unga wa rangi ya ziwa, kwa kijiko kidogo cha chai. Hakuinua kichwa.

"Mwambie alale tena," alimwambia Mchungaji. "Pengine Mungu atamuonyesha jina yangu."

Mchungaji akavaa kofia yake, akapanda pikipiki iliyomleta. Mpaka leo hajarudi, na Céline hajala meza ya Bwana.